Karani Muhidini na Swali la Maji

Katika baraza la akida pale Kibiti, miaka ile ya Mjerumani, palikuwa na karani mmoja aliyeogopwa kuliko kiboko cha askari. Jina lake Muhidini bin Zaidi. Hakuwa mtu mkali, wala hakula rushwa. Watu walimwogopa kwa maswali yake.

Mtu akija kulalamika, "Nguruwe wamemaliza mpunga wangu wote," Muhidini aliweka kalamu chini, akamtazama.

"Wote? Hata ule wa mbegu ulio nyumbani?"

"Huo haumo, Bwana Karani."

"Basi si wote. Anza tena."

Mzee mmoja wa Nyamwage alikuja kushtaki kwamba jirani yake kamtukana mbele za watu. Muhidini akasikiliza mashahidi wanne, kisha akaona kwamba kwa maelezo yao wenyewe watu wale walikuwa wamekaa nyuma ya mtukanaji, si mbele yake. Akakataa kuandika "mbele za watu" mpaka jambo hilo lieleweke. Shauri lilichukua siku tatu. Siku ya tatu mzee na jirani yake walikuwa wamechoka hata wakaondoka pamoja, wakimsengenya yeye.

Mkewe, Biasha, alikwisha kumzoea. Aliwaambia mashoga zake, "Mie nikitaka aje kula simwiti hivi hivi. Nasema, njoo ule wali na kambale, umo kwenye sahani, sahani iko mkekani. Nikisema njoo ule tu, ataniuliza ale nini." Mashoga wakacheka, na Biasha akacheka nao, maana mume wake hakuwa na baya jingine.

Akida Sadallah, bwana wake, alimpenda kwa sababu moja. Karatasi za makarani wengine zilirudishwa kutoka bomani zimepigwa mistari myekundu. Za Muhidini hazikurudi hata moja.

Mtu mmoja tu pale Kibiti alikuwa mfano wake, naye ni Mwalimu Salumu. Mwalimu alifundisha watu dini, akaozesha, akagawa mirathi. Ukimwuliza kama udhu wako umetenguka, alikuhoji tangu ulipoamka. Ungedhani watu wawili wa namna ile wangekuwa marafiki. Kwa muda walikuwa hivyo. Kisha lilitokea shauri la Bibi Tatu.

Ndugu yake Tatu alifariki, na mashahidi wa wosia wakaandikisha maneno haya: "Marehemu amemwachia Tatu shamba la mtoni na dungu lake." Sasa, marehemu alikuwa na madungu mawili, vile vibanda vya juu ya nguzo wanavyokaa watu wakilinda mpunga. Moja lilikuwa hapo hapo shamba la mtoni, bovu, limeliwa na mchwa. La pili alilijenga mwaka ule ule kwenye shamba la juu, zuri, la nguzo za mkoko. Mwalimu Salumu alisema "dungu lake" ni dungu la shamba. Muhidini alisema "dungu lake" ni dungu la marehemu, na marehemu alikuwa nayo mawili, kwa hiyo wosia haukusema kitu.

"Bwana Muhidini, hata mtoto mchanga anajua maana yake."

"Mtoto mchanga hatii sahihi, Mwalimu."

Walibishana mwezi mzima. Mwishowe Tatu mwenyewe aliwaacha, akachukua dungu bovu, akalitengeneza, akahamia. Lakini wale wawili hawakuachana na neno lao. Ikawa wakikutana njiani ni salamu na kupita. Hali hiyo iliendelea miezi minane.

Ndipo vita vikaja.

Vilianza huko kusini, milima ya Wamatumbi. Watu waling'oa pamba ya serikali, na kabla mwezi haujaisha habari zilikuwa zimeenea bonde zima. Ilisemwa kuna mganga huko Ngarambe mwenye dawa inayoitwa maji, na aliyeipata, risasi ya Mjerumani ikimfikia hugeuka kuwa maji. Watu walikwenda kwa makundi, wengine kwa imani, wengine kwa hasira ya shamba la pamba walilolimishwa kwa nguvu, wengine kwa kufuata wenzao. Akida Sadallah alipanda mtumbwi na sanduku lake, akateremka kwenda pwani, akamwachia Muhidini funguo za baraza.

"Nikuandikie nini katika daftari, Bwana Akida?" Muhidini alimwuliza. "Umesafiri au umekimbia?"

Akida alimtazama kwa hasira, kisha akacheka kwa huzuni. "Andika nimesafiri."

"Kwa kuwa umeniamuru, nitaandika: 'Amesema amesafiri.'"

Mapigano yenyewe hayakufika Kibiti. Yalipita mbali, lakini moshi wake ulionekana. Baadaye walikuja askari, na waliopita vijijini kwa hasira walichoma nyumba na maghala bila kuuliza. Mfungo ulikwisha, na katika mwezi wa Mfunguo Mosi, mvua za vuli zikiwa zimekaribia, kikosi kimoja kilifika Dimani, kikakamata watu thelathini na mmoja, wanaume kwa wanawake, kikawaleta Kibiti na kuwafungia katika banda la pamba.

Mkubwa wa kikosi alikuwa Mzungu kijana, mwembamba, mwenye miwani. Watu walimwita Bwana Miwani. Huko kwao alikuwa mwanasheria kabla ya kutiwa jeshini, na Kiswahili alikisoma kitabuni, akakisema polepole, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Pamoja naye alikuja shaushi, mkubwa wa askari, mtu wa miraba minne asiyependa makaratasi.

Bwana Miwani aliketi kwenye kiti cha akida, akatoa karatasi yenye muhuri, akampa Muhidini.

"Soma."

Muhidini akasoma. Amri ilikuwa fupi. Kichwa chake kiliandikwa "Waasi". Chini yake ilisemwa kwamba kila mtu aulizwe, "Je, ulikunywa maji?" Jibu liandikwe mbele ya jina lake. Waliokunywa wapelekwe pwani kwa minyororo. Wasiokunywa warudi kulima.

Kila mtu alijua maana ya kupelekwa pwani kwa minyororo. Wachache sana walirudi.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Bibi Mwanamina, mwanamke mtu mzima sana, anayetembelea fimbo. Alipiga magoti taratibu, akasalimu, akangoja.

Bwana Miwani akauliza, "Je, wewe ulikunywa maji?"

"Nimekunywa, bwana'ngu," alisema Bibi Mwanamina. "Asubuhi hii nimekunywa kata mbili. Mungu awabariki askari wako, wametutekea mtungi mzima."

Shaushi akapiga makofi kwa furaha. "Amekiri!"

"Andika," Bwana Miwani alimwambia Muhidini. "Amekunywa."

Kalamu ya Muhidini ilikuwa na wino, na karatasi ilikuwa mbele yake. Mkono haukwenda.

"Siwezi kuandika, Bwana."

"Kwa nini huwezi?"

"Karatasi inauliza maji. Haikuuliza maji gani. Hata mimi nimekunywa maji. Wewe pia, Bwana, chupa yako ile hapo. Nikiandika kwa swali hili, itanipasa nianze na jina lako, kwa sababu ndiwe mkubwa."

Shaushi akashika kiboko. Muhidini alikiona, akasogeza kiti chake mbali kidogo. Hakuwa shujaa. Alikuwa mtu asiyeweza kuandika jambo lisilo sawa, kama vile mtu mwingine asivyoweza kula nyama iliyooza.

Bwana Miwani alinyoosha mkono kumzuia shaushi. Akaichukua karatasi, akaisoma upya, midomo ikichezacheza. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake ukaonyesha kwamba kuna kitu kimempendeza.

"Ni kweli," alisema. "Swali hili ni baya. Korti yoyote italikataa." Akafikiri. "Amri ni lazima ifuatwe. Lakini swali lazima lieleweke. Andika swali zuri, karani. Kesho asubuhi nitaliangalia."

Muhidini alitoka barazani jua likiwa bado juu. Nje, chini ya ukuta wa banda la pamba, wanawake wa Dimani walikuwa wamekaa na vikapu vya chakula walivyowaletea jamaa zao. Mmoja wao alikuwa Mashavu, mke wa Mtoro. Mtoro alikuwa ndani ya banda. Muhidini alimwona Mashavu, na ghafla akasimama.

Watu wote walijua Mtoro alikwenda Ngarambe. Yeye mwenyewe Muhidini alijua. Kwa swali lile baya, wote thelathini na mmoja wangeandikwa wamekunywa. Kwa swali zuri, Bibi Mwanamina angeokoka, na Mtoro angenaswa. Na yeye ndiye atakayelitengeneza hilo swali zuri, kwa mkono wake.

Alikwenda nyumbani, hakula. Biasha alimwuliza, "Kuna nini, bwana?" Akamweleza. Biasha akasema, "Mie sijui maneno yenu. Lakini yupo mtu mmoja hapa anayeyajua kama weye. Nenda kwake."

"Hatusemezani."

"Mnasalimiana. Anzia hapo."

Mwalimu Salumu alikuwa barazani kwake akishona msahafu uliokatika uzi. Muhidini akasalimu, akaitikiwa, na safari hii hakupita. Akaketi. Mwalimu akaendelea kushona.

"Mwalimu, nina swali la kuandika, na naogopa kuliandika."

Akaeleza yote. Mwalimu aliposikia habari ya Bibi Mwanamina na kata mbili, midomo ilimcheza, lakini aliposikia jina la Mtoro aliweka sindano chini.

"Nani amekwambia Mtoro alikunywa?"

"Alikwenda Ngarambe."

"Sikukuuliza alikokwenda. Nimekuuliza nani amekwambia alikunywa."

Muhidini alitafuta jina la kutaja. Hakuna aliyemwambia. Alidhani tu, kama watu wengine wanavyodhani, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Sikiliza basi," alisema Mwalimu. "Waliokwenda kutoka Dimani ni saba. Waliporudi walikuja kwangu mmoja mmoja, mioyo haijatulia, kuniuliza kama dawa ile imewaharibia dini. Nami siwezi kujibu mtu bila kujua alifanya nini hasa. Nikawahoji. Sita walinyunyiziwa kwa tawi, kichwani na kifuani. Hawakunywa hata tone. Wa saba ni Mtoro. Huyo alipewa kibuyu."

"Akanywa?"

"Mfungo wa mwaka uliopita alishikwa na homa, akala siku nne. Siku ile ya Ngarambe alikuwa analipa. Alipopewa kibuyu aliona haya kukataa mbele za watu, akatia mdomoni. Kisha akakumbuka ana saumu, akageuka pembeni, akatema. Alikuja kwangu kuuliza kitu kimoja tu: saumu yake imesimama au imevunjika? Nilimwuliza: kilipita kooni? Akaapa hakikupita. Nikamwambia, basi saumu yako ipo. Aliyesukutua hakunywa."

Muhidini akamshukuru Mungu. Lakini bado jambo moja lilimsumbua, na kwa mtu wa namna yake halikuweza kunyamaziwa.

"Lakini nia alikuwa nayo, Mwalimu. Alikwenda kwa hasira ya pamba. Hilo nalijua, nilimsikia kwa masikio yangu kule barazani kwa akida."

"Alikuwa nayo," Mwalimu alikubali.

"Basi nikiandika swali, nitakuwa natafuta neno la kumpitisha. Sijapata kutafuta neno la kumpitisha mtu. Mie huandika lililo sawa, likaangukia litakapoangukia."

Mwalimu Salumu akauliza, "Amri imesema wapelekwe walio na nia, au waliokunywa?"

"Waliokunywa. Na kichwani imesema waasi."

"Mwasi ni mwenye nia. Aliyekunywa ni aliyemeza. Amri inataka mtu mwenye yote mawili. Je, hili ni la kweli, au nimelitunga?"

Muhidini alilipima upande huu na upande huu. "Ni la kweli."

"Basi liandike la kweli, uende ukale. Umekonda."

Wakacheka. Walikaa pamoja mpaka alasiri, wakalipanga swali, wakalifuta, wakalipanga tena, na katika hayo yote hakuna aliyekumbuka kwamba walikuwa wamenuniana.

Asubuhi ya pili Muhidini aliweka karatasi mezani. Ilisema: "Je, uliimeza dawa iliyoitwa maji, uliyopewa na mtu wa vita, na ulikuwa na nia ya kupigana na serikali?"

Bwana Miwani akaisoma mara tatu.

"'Kumeza' ni nzuri. 'Uliyopewa na mtu wa vita' ni nzuri. Hapa, 'na ulikuwa na nia'. Kwa nini si 'au ulikuwa na nia'?"

Muhidini alikuwa amelingoja swali hilo. "Ukiandika 'au', Bwana, utampeleka pwani mtu ambaye hakumeza kitu. Karatasi yako haikumtaja mtu huyo. Utakuwa umeongeza amri isiyotoka kwa wakubwa wako."

"Na nikifuta 'nia' kabisa?"

"Utampeleka mgonjwa aliyepewa dawa akidhani ni ya homa. Kichwa cha karatasi kinasema waasi. Huyo si mwasi."

Wakabishana. Bwana Miwani alitoa kitabu chake cha maneno, akatafuta "au", akatafuta "na". Akauliza kama "ama" si bora kuliko "au". Muhidini akaeleza tofauti yake kwa mifano mitano. Mwalimu Salumu, aliyeitwa kuwa shahidi wa lugha, akaongeza mifano miwili, na mmojawapo Muhidini akaupinga. Shaushi alilala ameegemea nguzo. Saa sita mvua ya kwanza ya vuli ikaanguka, nzito, ikapiga makuti kama ngoma, na harufu ya udongo ikaingia barazani.

Hapo ndipo Mashavu alipoingia. Askari wa mlangoni alijaribu kumshika mkono, akamponyoka. Alikuwa amelowa chapachapa, mikono kiunoni.

"Shikamooni mabwana," alisema, kwa sauti isiyokuwa ya heshima sana. "Mvua ndiyo hiyo inanyesha. Mbegu zetu zinaota vikapuni. Watu wetu wamefungwa bandani siku ya tano. Na nyie mmekaa toka asubuhi, wanaume watatu wazima na vitabu vyenu, mnagombea 'na'!"

Shaushi aliamka.

"Mwanamke huyu anasema kweli," alisema Bwana Miwani polepole. Akachovya kalamu. "'Na', basi." Akatia sahihi chini ya swali, akabandika muhuri, akapuliza wino ukauke. "Sasa hili ndilo swali. Mimi mwenyewe sitalibadili."

Wakaanza. Bibi Mwanamina alirudishwa wa kwanza. Swali liliposomwa lote alisema, "Bwana'ngu, mie kumeza kwenyewe uji kwa taabu, sina meno. Nimpige nani?" Akaandikwa hakumeza. Wakapita wengine, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa shambani wakati wa safari ile ya Ngarambe, waliokuwa wagonjwa, waliokuwa na mimba. Wakaja wale sita. Kila mmoja alisema amekwenda, amenyunyiziwa. Shaushi akafoka kwamba kunyunyiziwa na kunywa ni mamoja.

"Shaushi," Bwana Miwani akamwuliza, "mvua ikikunyeshea, kiu inakwisha?"

Wakaandikwa hawakumeza.

Mtoro aliletwa wa mwisho. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kiburi chake, na siku tano za banda la pamba hazikumpunguza. Alipoulizwa alijibu kabla swali halijafika mwisho.

"Nilikwenda Ngarambe. Sikufichi."

"Hukuulizwa kwenda," alisema Muhidini haraka. "Jibu swali. Uliimeza?"

Mtoro alimtazama Muhidini, na ilikuwa wazi kwamba anataka kusema jambo jingine, jambo kubwa la pamba na viboko na mwaka mzima wa kulima shamba lisilo lake. Muhidini alimwangalia machoni bila kupepesa. Nyuma, mlangoni, Mashavu alikuwa amesimama, maji yakimtiririka.

"Niliitia mdomoni," alisema Mtoro hatimaye. "Nikaitema. Nilikuwa na saumu."

"Uongo!" alipiga kelele shaushi. "Wote watasema wametema!"

"Mmoja tu amesema," alisema Bwana Miwani. "Yuko shahidi?"

Mwalimu Salumu akasimama. Akaapa. Akaeleza siku ile Mtoro alipokuja, wakati gani wa mchana, amekaa wapi, ameuliza nini, amejibiwa nini. Alieleza yote kwa mpango wake, pamoja na rai za wanavyuoni juu ya kitu kilichofika kinywani bila kupita kooni, hata Bwana Miwani, ambaye mwanzoni alisikiliza kwa hadhari, akaanza kuandika maelezo pembeni.

"Mtu huyu," aliuliza, "aliuliza juu ya saumu kabla ya kukamatwa?"

"Miezi minne kabla."

"Basi hakuwa na sababu ya kudanganya." Akamgeukia Mtoro. "Lakini nia? Ulikuwa nayo?"

Mtoro akanyamaza. Hakuwa mtu wa kuapa uongo, na hakuna aliyemtaka aape.

Bwana Miwani aliangalia karatasi yenye sahihi yake. Kidole chake kikasimama juu ya neno 'na'. Mvua ilikuwa imepungua, na matone yalisikika yakidondoka mojamoja kutoka kwenye makuti. Kisha akamtazama karani.

"Ulijua," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilijua tofauti ya 'na' na 'au', Bwana," alijibu Muhidini.

Kijana yule wa Kizungu alivua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Swali linataka yote mawili," alisema. "La kwanza halipo. La pili halina haja ya kujibiwa. Andika: hakumeza."

Muhidini akaandika. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake kalamu ilimteleza, na herufi ya mwisho ikatoka na mkia. Akaomba karatasi nyingine aandike upya, safi. Mashavu akasema kutoka mlangoni, "Bwana Karani, nakuomba kwa Mungu, iache hivyo hivyo!" Hata askari wakacheka.

Nakala tatu zikatiwa sahihi. Saa kumi banda la pamba lilifunguliwa, watu thelathini na mmoja wakatoka, wakifumba macho kwa mwanga. Hapakuwa na vigelegele, walikuwa wamechoka mno. Mashavu alimshika mumewe mkono, hakumwambia kitu, akamwekea kichwani kikapu cha mbegu alichokuja nacho, wakaifuata njia ya Dimani na wenzao. Siku ya pili Bwana Miwani aliondoka na kikosi chake kwenda pande za Mkongo. Kabla ya kupanda punda wake alimpa Muhidini mkono.

Mwaka ule haukuwa mwema kwa watu wengi. Kule milimani njaa iliua watu kuliko risasi, na jamaa za Wamatumbi waliteremka bondeni na watoto mgongoni, hawana kitu. Lakini Dimani walikuwa wamepanda. Walichelewa siku chache tu, na mto ulifurika kwa kiasi, ukaacha tope jeusi, mpunga ukasimama. Jamaa tisa kutoka milimani walipokewa pale, wakapewa pa kulima, na Bibi Mwanamina alichukua watoto wawili mayatima, akawalea.

Wakati wa mavuno Muhidini na Mwalimu Salumu waliitwa Dimani. Mwanajuma, mdogo wake Mtoro, alikuwa anaolewa na kijana wa milimani, na ilihitajika mtu wa kuozesha na mtu wa kuandika. Walikwenda kwa miguu, Biasha pamoja nao, wakipita katikati ya mashamba yaliyokatwa nusu. Watu walikuwa juu ya madungu, wanapura, wanaitana, makapi yanapeperuka. Kila walipopita walisalimiwa kwa majina.

Ndoa ilifungwa adhuhuri. Wakaletewa wali mpya, ule wenye harufu ambayo hukaa nayo siku chache tu baada ya mpunga kukatwa, na kambale wa kuchoma, na tui. Mtoro mwenyewe ndiye aliyewanawisha mikono. Hakuwa mtu wa maneno. Alipomaliza kummiminia Muhidini, alibaki ameshika birika, akasema, "Karani, kula ushibe," akaenda kuwahudumia wengine.

Muhidini akala. Mwalimu alikuwa ameanza kumweleza jirani yake hukumu za walima, ile karamu ya ndoa, kwa kirefu, na jirani alikuwa anatafuta njia ya kuinuka. Biasha alicheka na Mashavu huko upande wa wanawake. Upepo wa mtoni ulivuma, baridi kidogo, na Muhidini akajinyoosha mkekani, mgongo umeegemea nguzo ya dungu, akafumba macho, tumbo limejaa, akasikiliza watu wakipura.